Mgonjwa wa moyo akiruhusiwa Bugando, kazi huhamia Nyakato

MGONJWA wa moyo anaporuhusiwa kutoka wodini, ndugu humshukuru Mungu, hukamilisha malipo, hufunga vyombo na mashuka, kisha huteremka naye kilima cha Bugando hadi yalipo magari. Kwa wengi safari hiyo huishia Nyakato, kilomita chache mashariki mwa katikati ya jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Wapo wenye makazi yao huko. Wapo pia waliotoka Magu, Bunda au visiwa vya Ukerewe, ambao hufikia kwa kaka, shangazi au mtoto aliyepanga vyumba viwili karibu na stendi ya Buzuruga, wakisubiri tarehe ya kurudi kliniki.

Kwa ndugu, siku hiyo huonekana kuwa mwisho wa ugonjwa. Takwimu zinasema vinginevyo. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi. Waliofariki dunia wakiwa bado hospitalini walikuwa kama wanne katika kila 100. Ilipofika miezi sita, idadi ilikuwa imepanda hadi takriban 18 katika kila 100. Kwa maneno mengine, vifo vingi vilitokea baada ya mgonjwa kutoka mikononi mwa madaktari.

Wastani wa umri wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani ugonjwa huu huwapata zaidi wazee waliopita miaka 70. Hapa kwetu humkuta mtu akiwa bado analipa ada za shule, ana duka, ana shamba, ana wazazi wanaomtegemea. Utafiti wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta hali hiyo hiyo: wastani wa miaka 55, na chanzo kilichoongoza kikiwa ni shinikizo la juu la damu, maarufu kama presha. Mwanza nako, uchunguzi wa wagonjwa watu wazima zaidi ya 11,000 waliolazwa Bugando kati ya mwaka 2009 na 2011 ulionyesha kuwa magonjwa yatokanayo na presha yalishika nafasi ya pili kwa kuua, nyuma ya UKIMWI.

Pampu iliyochoka

Jina la ugonjwa lenyewe huwatisha watu bure. Moyo kushindwa kufanya kazi hakumaanishi kwamba umesimama. Maana yake ni kwamba pampu imechoka na haisukumi damu kwa kiwango kinachohitajika. Presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa huufanya msuli wa moyo kuwa mnene na mgumu, na hatimaye kulegea. Wengine huharibikiwa na valvu kutokana na homa ya baridi yabisi waliyoipata utotoni, wengine msuli wa moyo hutanuka kwa sababu ya pombe kali au baada ya kujifungua, na wengine mishipa inayolisha moyo huziba.

Damu inapopungua kufika kwenye figo, figo hudanganyika. Hudhani kuwa mwili umekaukiwa maji, zikaanza kuzuia chumvi na maji yasitoke. Maji hayo hujaa miguuni, tumboni na hatimaye kwenye mapafu, ndipo mgonjwa anaposhindwa kulala chali na kuanza kuongeza mto wa pili, wa tatu, mwishowe analala ameketi.

Wodini, sindano za dawa ya kutoa maji humkausha katika siku chache. Miguu husinyaa, pumzi hurudi, na mgonjwa hutoka amepungua kilo kadhaa, akijiona mzima kabisa. Hapo ndipo ulipo mtego. Maji yametoka, lakini pampu ni ile ile.

Mazoea ya dozi huongeza hatari. Mtanzania amekulia katika nchi ya malaria, ambako dawa humezwa siku tatu na habari ikaisha. Mgonjwa wa moyo anapopewa vidonge vya wiki mbili au mwezi mmoja, ni rahisi kuamini kwamba vikiisha naye amepona. Si ujinga wala ukaidi. Ni hesabu aliyofundishwa na kila homa aliyowahi kuugua, na asiyeelezwa vingine kwa lugha anayoielewa ataifuata hesabu hiyo.

Daraja kati ya wodi na nyumba

Wataalamu wa afya wana jina la matunzo yanayolenga kipindi hiki: huduma ya mpito. Ni mpango unaoanza mgonjwa akiwa bado kitandani, ukaendelea naye nyumbani kwa wiki au miezi kadhaa, hadi atakapokuwa imara mikononi mwa kliniki iliyo karibu naye. Miongoni mwa waliouendeleza ni Mary Naylor, muuguzi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani. Katika utafiti wake wa mwaka 2004, wazee 239 wenye ugonjwa huu waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilifuatiliwa kwa miezi mitatu na wauguzi waliowatembelea hospitalini na nyumbani. Katika mwaka uliofuata, kundi hilo lilirudi kulazwa mara 104, wakati lile lililopata huduma ya kawaida lililazwa mara 162.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 2022, kutokana na utafiti wa wagonjwa 1,078 katika nchi 14, zikiwamo Msumbiji na Nijeria. Waliorudishwa kliniki mapema na mara kwa mara, kuanzia wiki ya kwanza baada ya kuruhusiwa, huku dawa zao zikipandishwa haraka hadi kiwango kamili, walinufaika sana. Ndani ya miezi sita, waliofariki au kulazwa tena kwa ugonjwa huo walikuwa takriban 15 katika kila 100, dhidi ya 23 katika kundi la huduma ya kawaida. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake. Inafaa kukumbuka kuwa dawa zilizotumika kwa sehemu kubwa ni za kawaida. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alimwona mgonjwa, akampima, akaongeza dozi, akampa tarehe nyingine ya karibu.

Mwanza yenyewe si ngeni kwa fikra hiyo. Kuanzia mwaka 2019 ulifanyika katika hospitali za Kanda ya Ziwa utafiti uliopewa jina la Daraja, uliowahusu watu wanaoishi na VVU waliokuwa wamelazwa. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii alikutana na mgonjwa wodini, akamfuata nyumbani, akamsindikiza hadi kliniki na kuendelea kuwasiliana naye kwa miezi mitatu. Wengi zaidi walifika kliniki na kubaki kwenye dawa, ingawa vifo ndani ya mwaka mmoja havikupungua. Matokeo hayo yana mafunzo mawili kwa wagonjwa wa moyo: kumfikisha mtu kliniki kunawezekana katika mazingira ya Mwanza, na kufika peke yake hakutoshi iwapo mwili umekwisha kuharibika sana au matibabu hayapandishwi inavyopaswa.

Kabla ya kuondoka wodini, basi, ndugu anayemchukua mgonjwa anapaswa kuwa na majibu ya mambo machache, tena kwa maandishi: dawa gani zinaendelea na zipi za zamani zimefutwa, tarehe ya kurudi, ambayo kitaalamu ni vyema isizidi siku 14, kituo kipi cha karibu kitampima presha katikati ya muda huo, na uzito wa mgonjwa siku ya kutoka. Swali la mwisho huulizwa na wachache, nalo ndilo lenye faida kubwa, kama itakavyoelezwa.

Kuhusu dawa, vikwazo vingi ni vya kawaida kabisa. Dawa ya kutoa maji humfanya mtu akojoe mara nyingi kwa saa kadhaa, hivyo anayetakiwa kupanda daladala kutoka Nyakato hadi mjini huamua kuiacha siku ya safari, kisha siku ya soko, kisha siku ya ibada. Ukweli ni kwamba kwa kawaida dawa hiyo inaweza kusogezwa hadi baada ya kurudi nyumbani. Kinachotakiwa ni kumuuliza muuguzi mapema jinsi ya kupanga saa. Baadhi ya dawa za kupunguza mzigo wa moyo, kama vile enalaprili na kaptoprili, huwaletea watu wengine kikohozi kikavu. Mgonjwa akikohoa aseme, kwa kuwa ipo dawa mbadala, badala ya kuitupa kimya kimya.

Hatari nyingine iko kwenye duka la dawa la jirani. Diklofenaki na ibuprofeni, vidonge vinavyonunuliwa kila siku kwa maumivu ya mgongo na magoti, huzifanya figo zizuie chumvi na maji, na vinaweza kumrudisha mgonjwa wa moyo wodini ndani ya siku chache. Anayeumwa mgongo amweleze muuza dawa kwamba ana ugonjwa wa moyo. Parasetamo kwa kawaida ni salama zaidi.

Chungu kimoja, chumvi moja

Katika chakula ndipo ndugu wa Nyakato wana uwezo kuliko daktari yeyote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya supu na ile ya kunyunyizia mezani.

Shida ni kwamba familia hupika chungu kimoja. Mgonjwa aliyefikia kwa ndugu hukaa kama mgeni, na mgeni mwenye adabu hamwambii shemeji yake kuwa mboga imezidi chumvi. Atakula. Kwa sababu hiyo maelezo ya chakula yanayotolewa kwa mgonjwa peke yake hupotea njiani. Yanapaswa kumfikia anayepika. Njia nyepesi ni kupakua sehemu ya mgonjwa kabla chumvi haijatiwa. Njia bora ni kupunguza chumvi ya chungu kizima taratibu, wiki hadi wiki, maana ulimi huzoea, na presha haiko kwa mgonjwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha. Katika nyumba ya watu wazima wanne au watano, huenda aliyelazwa si mwenye presha pekee.

Ipo chumvi isiyoitwa chumvi. Magadi yanayolainisha maharage, mlenda na kisamvu yana sodiamu, kiini kile kile kinachozuia maji mwilini. Viungo vya pakiti vya kuunga mchuzi navyo vimejaa chumvi. Chipsi za jioni hunyunyiziwa chumvi mbele ya macho ya mteja, na supu ya asubuhi ya mama ntilie imekwisha kutiwa chumvi tangu alfajiri, haiwezi kuondolewa. Kisha yuko kayabo, sangara aliyekaushwa kwa chumvi, ambaye shehena zake husafirishwa hadi Kongo. Kumloweka na kumwaga maji hupunguza chumvi, lakini kwa mgonjwa aliyetoka wodini ni afadhali akae mbali naye kabisa.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuifanya meza ya mgonjwa kuwa ya adhabu. Wapo wanaotoka hospitalini na imani kwamba wamekatazwa samaki, nyama, mafuta, viazi na kila chenye ladha, wakaishia kunywa uji mweupe na kukonda. Kukonda kupita kiasi ni hatari kwa mgonjwa wa moyo. Na katika hili ukanda wa ziwa umebarikiwa. Sato na sangara wabichi kutoka Mwaloni, Kirumba, hawana chumvi nyingi. Wakichemshwa na nyanya, kitunguu, tangawizi na ndimu hawamhitaji mtu kuongeza kitu. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi, wakioshwa mchanga vizuri, ni protini ya bei nafuu, tofauti na wale waliokaangwa na kutiwa chumvi. Mgagani, mchicha na matembele vikiungwa kwa karanga zilizosagwa vina ladha ya kutosha. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ustadi wa Wasukuma, havina chumvi, ingawa mwenye kisukari atazame kipimo. Ugali wa dona au wa udaga ni halali yake, kwa kiasi.

Aidha, sayansi imepunguza ukali wa baadhi ya masharti. Utafiti wa mwaka 2022 katika nchi sita, uliohusisha wagonjwa 806, ulionyesha kuwa kubana sodiamu hadi chini ya gramu moja na nusu kwa siku hakukupunguza vifo wala kulazwa, ijapokuwa wagonjwa walijisikia nafuu kidogo. Mwingine wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2025, uliwahusu wagonjwa 504 waliokwisha kutulia na kuhudhuria kliniki. Kuwawekea mpaka wa lita moja na nusu ya maji kwa siku hakukuwaletea nafuu ya maana, ila kiu. Matokeo hayo hayamruhusu mtu kurudi kwenye kayabo, wala hayamhusu aliyejaa maji leo. Yanachosema ni kwamba kiasi kinachovumilika mwaka mzima kina thamani kuliko mfungo wa wiki mbili.

Waliofanyiwa upasuaji wa valvu wana kanuni yao. Tangu mwaka 2008, upasuaji wa kufungua moyo ulipoanza Muhimbili, na hasa baada ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kuanza kazi mwaka 2015, idadi ya Watanzania wanaorudi mikoani na valvu za bandia imeongezeka. Wenye valvu za chuma humeza wafarini maisha yao yote ili damu isigande. Mboga za majani zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo, na hapo huzuka ushauri potofu wa kuziacha kabisa. Ushauri sahihi ni kula kiasi kinacholingana kila wiki, ili daktari aipime dawa kulingana na mboga hizo. Anayekula matembele kila siku leo na kuyaacha mwezi mzima kesho ndiye anayejihatarisha. Naye mtoto mwenye valvu zilizoathiriwa na baridi yabisi, awe amepasuliwa au la, asikose sindano yake ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa muda aliopangiwa.

Mizani na mito

Maji hurudi kimya kimya, na mizani huyaona kabla ya macho. Mgonjwa ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chai, akiwa na nguo zile zile nyepesi. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si unene, na anapaswa kufika kituo cha afya bila kungoja tarehe yake. Ndiyo sababu ya kuuliza uzito wa siku ya kutoka: bila huo hakuna cha kulinganisha nacho.

Nyumba nyingi hazina mizani. Zipo za vijana wanaopima watu mitaani kwa sarafu chache, nazo zinafaa, mradi iwe mizani ile ile kila mara. Asiye na hata hiyo abonyeze kidole juu ya kifundo cha mguu jioni aone kama shimo linabaki, ahesabu mito anayolalia, na atazame kama kilima cha mawe alichopanda jana kuelekea nyumbani leo kimemshinda nusu ya njia. Mazoezi yenyewe yaanze hivyo hivyo: kutembea polepole kwenye tambarare, dakika chache kila siku, akiongeza kadiri pumzi inavyoruhusu.

Swali linalobaki ni nani atakayebisha hodi. Hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea rufaa za mikoa mingi haiwezi kutuma muuguzi kila mtaa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwa na zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano. Mhudumu wa aina hiyo, akiwa na mashine ya presha, mizani na nakala ya karatasi ya ruhusa ya mgonjwa, anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na wauguzi wa Naylor. Kinachohitajika ni wodi kumjulisha kwamba mgonjwa amerudi mtaani kwake, na kituo kama cha Buzuruga kuwa na dawa za moyo wakati wote. Gharama nayo ni kikwazo cha kweli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, lakini kwa asiye na bima, mkebe wa vidonge bado hushindana na unga wa ugali. Aliyeishiwa fedha aseme kliniki, kwani daktari anaweza kumpangia dawa za bei nafuu zinazofanya kazi ile ile. Akinyamaza na kuacha zote, hakuna atakayejua hadi atakapoletwa amebebwa.

Zipo dalili zisizosubiri mhudumu wala tarehe ya kadi: kukosa pumzi akiwa ameketi tu, maumivu ya kifua yanayokaza na kusambaa begani au tayani, kuzimia, midomo kugeuka rangi ya bluu, mkono au upande mmoja wa uso kulegea ghafla. Usiku wa manane au mchana, huyo apelekwe hospitali mara moja, na begi lake liwe na karatasi ya ruhusa pamoja na pakiti za dawa zote anazomeza.